Mvute Ndani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkono wa mtu ulikuwa umelala kichochoroni, kiganja kikitazama juu, nje ya uzio wa mabati wa karakana. Fundi aliuona alipokuwa akizunguka nyuma kwenda kufungua lango la magari. Baada ya mkono aliona bega lililozungushiwa waya, kisha kofia ya sufi, kisha kifua kilichokuwa kikipanda na kushuka. Zaidi ya hapo palikuwa na bati. Kuanzia kiunoni kwenda juu, mtu huyo alikuwa njiani, mahali pa watu wote. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa bado kwa fundi.

Fundi hakuuliza hali. Aliinua kiatu chake cha kazi, kile chenye ncha ya chuma, akakikanyaga kiganja kwa uzito wake wote, kisha akazungusha kisigino kama anayezima sigara.

"Aaa! Fundi! Vidole hivyo vina kazi!"

"Kazi yake naijua."

Sauti nayo aliijua. Mtaa mzima ulimwita Sumaku, kwa sababu chuma kilicholala nje peke yake, asubuhi kilikuwa kimemfuata. Alizunguka na gunia mgongoni akiokota misumari, mabomba, vifuniko vya mitaro na, watu walipojisahau, masufuria. Kwa miaka mingi fundi mwenyewe alikuwa mteja wake, na hakuwahi kumuuliza chuma kimetoka wapi.

Kisha waya wa mashine ya kuchomelea ukaibwa. Ni waya mnene wa shaba, na bila huo fundi wa kuchomelea ni mtu aliyesimama karibu na vyuma. Alinunua mwingine, nao ukaibwa. Safari hiyo alikuwa na mageti ya watu yaliyokaa nusunusu, na wenyewe walikuja na mikokoteni wakayachukua, wakayapeleka kwa mpinzani wake ng'ambo ya barabara, mbele ya macho yake. Siku hiyo fundi alichukua springi za lori kuukuu, akazikata meno kwa grenda, akaziunga kwa bawaba, akaweka kibati cha kukanyaga katikati. Mtego ulipokamilika aliujaribu kwa gogo la mkaratusi. Gogo lilipasuka. Aliufunga kwa mnyororo kwenye mguu wa meza ya kazi, akaufunika kwa unga wa chuma na vumbi la sakafuni.

Kabla ya kuutega alikuwa ametaka ushauri, maana hakuwa mtu wa kukurupuka. Alimuuliza shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa tarishi wa mahakama na mtaani aliitwa Wakili. Kazi yake ilikuwa kubeba majalada kutoka chumba hiki kwenda chumba kile. Kwa hiyo kesi alizisikia kama mtu anavyoisikia redio ya jirani: sauti inafika, habari inakatika. Wakili alimwambia hivi: weka kibao, umeshanawa mikono. Kibao kiliandikwa kwa rangi nyekundu na kupigiliwa langoni: UKIINGIA BILA HODI, LIKUPATALO NI LAKO. MWIBA WA KUJIDUNGA HAUAMBIWI POLE.

Sasa mwiba ulikuwa umemdunga mtu.

Fundi alifungua mlango mdogo, akaingia ndani auone upande wa pili. Sumaku alikuwa ameingia kwa kuchimba chini ya bati. Alikuwa amefika kwenye mashine na kuukata waya. Ndio uliokuwa umezungushwa begani kwake kule nje, shaba ikimetameta mahali ulipokatwa. Aliporudi nyuma alikanyaga kibati. Meno yalikutana juu ya goti la mguu wa kulia. Alikuwa amejiburuta, na mtego, na mnyororo, mpaka kwenye shimo lake, akajipenyeza hadi kiunoni, hapo mnyororo ukaisha. Sakafuni palikuwa na mchirizi mweusi uliofuata njia yote hiyo. Lakini kwenye jeraha lenyewe damu ilikuwa ikivuja kidogokidogo tu. Fundi alichuchumaa akaangalia. Jino moja lilikuwa limezama lote ndani ya paja, kwa ndani, pale ambapo mtu akibonyeza anasikia mapigo.

Alilielewa hilo mara moja, kwa sababu alikuwa akitengeneza matangi. Tangi likiwa na presha, na tundu limezibwa na msumari uliolitoboa, msumari huo hauguswi mpaka presha ikatwe kwanza.

"Fundi!" Sauti ilipita chini ya bati. "Upo?"

"Nipo."

"Kazi safi. Sijawahi kuona springi inauma hivi. Si zile nilizokuletea mimi?"

"Ndizo."

"Nilijua tu. Chuma kizuri." Alivuta pumzi kwa meno. "Sasa nitoe, basi. Waya wako huu hapa, mzima."

"Kibao hukukisoma?"

"Nilikisoma. Kinasema bila hodi. Mimi nilipiga hodi, fundi. Nilipiga moyoni."

Fundi karibu acheke, na jambo hilo lilimkasirisha. Alilipiga teke paja zima lisilo na mtego, mara moja, kavu. Sumaku alipiga ukelele. Kisha fundi akaenda kwenye ukuta wa vifaa, akachukua mtaimbo na kipande cha bomba. Akafungua mkanda wa suruali yake, akauvuta ukatoka wote. Alikuwa ameshapanga: mkanda juu ya jeraha, ukazwe kwa lile bomba mpaka mapigo yapotee, ndipo mtaimbo uingie kati ya meno.

Alikuwa amepiga goti, mkanda umeshapita chini ya paja, Wakili alipoingia. Alikuwa akipita kwenda kazini, tayari amevaa shati jeupe na tai.

"Shemeji! Acha! Ondoa mkono!"

"Nimkaze kwanza, nimfungue."

"Ukimgusa umekiri." Wakili alisimama mbali ili kiatu kisiingie kwenye mchirizi. "Nisikilize mimi. Mtu ameingia kwako bila hodi, kibao kipo, mwiba wa kujidunga. Hapo wewe ni mlalamikaji. Lakini ukianza kumfunga mikanda, umesema kwa mikono yako mwenyewe kwamba jeraha ni lako. Mkanda ni wa nani? Wako. Nimeyaona haya mahakamani."

"Atakufa."

"Akifa, amefia wapi?"

Fundi hakuelewa swali. Wakili alitoka nje, akatazama, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Shemeji, kuna tatizo. Kichwa kiko nje."

"Naona."

"Huoni. Mtu akifia ndani ya uzio wako, huo ni ulinzi wa mali. Akifia nje, hayo ni mauaji. Njiani ni kwa serikali. Na mtu anahesabiwa pale kilipo kichwa, si pale ilipo miguu. Hapa tulipo unachunguliwa na kamba, shemeji. Kamba."

"Nyie mnaoongea huko," Sumaku aliita, "pole siitaki. Nataka mtaimbo."

"Wewe nyamaza! Ulipiga hodi?"

"Piga wewe, mimi nimeshatoka nusu."

Fundi alikuwa bado ameshika ncha mbili za mkanda. Alikuwa na watoto wawili shuleni, na mke, na karakana iliyokuwa ndiyo kwanza imepata waya mpya. Mkono wa shemeji yake ulikuja ukazichukua zile ncha polepole, ukauchomoa mkanda chini ya paja, ukauweka mezani. Fundi hakuzuia.

Kelele zilikuwa zimemfikia mkewe kwenye nyumba ya mbele. Alipitia kichochoroni na jagi la maji na kikombe cha bati, akidhani kuna mtu ameanguka. Alipomwona Sumaku, rangi ya midomo yake na jinsi alivyokuwa akitetemeka kwenye joto, alipiga magoti.

"Karibu maji," alisema, akamwinua kichwa.

"Asante, mama. Nimeshakaribia."

Ndani ya uzio Wakili aliruka kama aliyechomwa na cheche. Alitoka mbio.

"Dada! Umesema nini?"

"Nimesema karibu maji."

"Umemkaribisha!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umemkaribisha, na yeye ameitika! Mvamizi akishakaribishwa si mvamizi tena, ni mgeni. Mgeni akiumia kwako, unabeba wewe. Futa hilo neno."

"Nilifute na nini, kaka? Na kitambaa?"

"Sema hukumkaribisha yeye, ulikaribisha maji."

"Mtu anatoka damu, wewe unasahihisha salamu? Baba watoto! Baba watoto, uko wapi? Mtoe huyu!"

Fundi aliisikia sauti yake kupitia bati. Alikuwa akitazama jino.

"Shemeji," Wakili alisema kutoka nje, sasa kwa sauti ya chini na ya haraka, mdomo karibu na bati. "Watu wataanza kupita sasa hivi. Mgeni, na yuko nje. Haya mawili yakikutana umekwisha. Hilo la karibu nitalishughulikia mimi, ni la mdomo tu, halina shahidi. Lakini hili la mwili halifichiki. Mvute ndani."

"Nikimvuta jino litatoka."

"Mvute kidogo. Kichwa tu kipite."

"Fundi," Sumaku alisema. Utani ulikuwa umemtoka. "Fundi, wewe ni mtu wa vyuma. Usinivute. Nikivutwa nitamwagika."

Hiyo ilikuwa kweli, na fundi alijua ni kweli kuliko mtu yeyote aliyekuwepo pale. Mtaimbo ulikuwa kulia kwake. Mnyororo ulikuwa kushoto. Aliwaza chumba cha mahakama ambacho hakuwahi kuingia, na mtu mwenye joho akiuliza kichwa kilikuwa upande gani. Alishika mnyororo.

Mvuto wa kwanza haukusogeza kitu. Sumaku alikuwa ameikumbatia nguzo ya uzio kwa nje, mikono yote miwili. Miguu ya ndani ilijipinda, kisigino kizima kikachimba sakafu. Fundi alizungusha mnyororo kwenye kiganja, akaweka kiatu kwenye bati, akavuta tena. Mtego uligeuka juu ya mfupa kwa sauti aliyoisikia mpaka kwenye meno yake mwenyewe.

"Ameshika nguzo!" Wakili alipaza sauti. "Ngoja!"

Kilichofuata fundi hakukiona, alikisikia. Alisikia kitu kizito kikiokotwa kwenye changarawe. Alisikia mlio mmoja wa chuma kwa chuma, vidole vimekosewa. Halafu mlio wa pili, ambao haukuwa wa chuma kwa chuma. Bati lote lilitikisika, na Sumaku alilia kwa sauti nyembamba isiyo na neno. Wakili alihesabu vidole kwa spana kama anayegonga mihuri: akapiga, akapiga, akapiga. Mkewe fundi alikuwa akipiga yowe, "Kaka, mwache! Mwache!" Kisha jagi likalia juu ya kichwa cha mtu, maji yakapita chini ya bati yakiwa mekundu. Wakili alitukana. Kulisikika kishindo cha mwili ukipigizwa ukutani, na sauti ya mkewe ikakatika katikati.

Fundi angeweza kuachia hapo. Alikuja kusema hivyo baadaye, alipoulizwa, bila kusukumwa. Badala yake alivuta.

Nguzo iliachiwa ghafla. Sumaku aliingia mzima kwa mara moja, mgongo ukikwaruzwa na ukingo wa bati kutoka kiunoni hadi mabegani, kofia ikabaki nje. Mtego ulitangulia, ukapinduka, na jino lile lilitoka.

Damu haikuvuja. Iliruka, ikampiga fundi kifuani na shingoni, ikasita, ikaruka tena, kwa mapigo ya mtu mwenyewe. Fundi alijitupa juu ya paja kwa mikono miwili akabonyeza. Ilipita kati ya vidole. Alipapasa mezani kutafuta mkanda, akaupata, akauzungusha, lakini kila kitu kilikuwa kinateleza, na kipande cha bomba alichokuwa amekipanga kilikuwa kimebingirika chini ya mashine.

"Bomba!" alipiga kelele. "Nipe bomba! Nipe chochote!"

Wakili alikuwa amesimama mlangoni, tai begani, damu ikimtiririka kutoka sikioni alipopigwa na jagi. Alitazama kichwa cha Sumaku, kisha bati, akapima kwa macho.

"Sasa yuko ndani," alisema. "Mwache hapo hapo. Usimsogeze tena."

Aliyeleta bomba alikuwa mkewe. Alitambaa kwa magoti, jicho moja limeshaanza kufumba kwa uvimbe, akalifikia chini ya mashine, akalipachika kwenye mkanda, wakazungusha wote wawili. Mkanda ulikaza. Kule kuruka kulipungua, kukawa kuchuruzika. Kwa kitambo kifupi fundi aliamini wamewahi.

"Sumaku. Sumaku, nitazame."

Sumaku alimtazama. Mikono yake ilikuwa kifuani, vidole vimeelekea pande ambazo vidole havielekei.

"Nimekwambia," alisema, taratibu sana, kama anayemkumbusha mtu kitu kidogo. Alifumba macho. Kifua kilipanda mara chache zaidi, kila mara chini kuliko mara iliyopita, mpaka kikaacha.

Mkewe fundi ndiye aliyewapigia simu polisi. Alipomaliza alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango mdogo, mgongo kwa mumewe, mpaka gari lilipofika.

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa raba. Alikuja na askari mmoja. Alianza kichochoroni. Aliangalia kofia ya sufi, maji mekundu, spana kwenye changarawe, na ukucha uliokuwa umenasa kwenye nguzo kwa urefu wa goti. Kisha akaingia ndani, akaangalia mtego, akaangalia mnyororo, akausoma mchirizi kuanzia mashine mpaka bati na kutoka bati kurudi nyuma.

"Alikutwa wapi?" aliuliza.

Fundi alifungua mdomo, lakini Wakili alimtangulia. Alikuwa amefunga tai upya.

"Ndani, afande. Mwili mzima. Hata unywele haukubaki nje."

"Na ule ukucha?"

"Huo ni wa kabla hatujamvuta."

Mpelelezi aliinua macho. "Mlimvuta."

"Ili awe ndani, afande. Kisheria. Mtu ameingia bila hodi, na kibao kipo, kimeandikwa wazi. Isitoshe ni mwizi, waya huo hapo begani. Mwizi hana haki."

"Ni mwizi," mpelelezi alikubali. "Angekuwa hai ningeondoka naye leo kwa huo waya. Kibao kinamwambia mtu kwamba kuna hatari. Hakimpi mwenye nyumba ruhusa ya kuitengeneza hiyo hatari. Mwizi ukimkuta kwako, mkamate, utuite. Akikushambulia, jitetee. Huu mtego ulimshika mtu mwenye karakana amelala. Usingizini alikuwa anajitetea na nini?"

"Lakini yuko ndani," Wakili alisema.

"Ndani au nje, hakuna sheria inayouliza hivyo. Hilo umelitoa wapi?"

Wakili alitaja mahakama, chumba fulani, kesi fulani aliyoisikia akipita na majalada. Alipoulizwa hukumu yake ilikuwa nini, alisema hakuwahi kuisikia, aliitwa chumba cha pili.

Mpelelezi alimgeukia fundi, ambaye alikuwa ameketi chini, damu imeshamkauka shingoni na kuanza kupasuka kila alipomeza mate.

"Mtego umeutengeneza wewe?"

"Mimi."

"Ulijua kuna kitu kinachoweza kutokea ukimvuta?"

"Nilijua."

"Alikuwa hai mlipomvuta?"

"Alikuwa anaongea."

"Alisema nini?"

"Alisema nisimvute."

Askari alikuwa na pingu moja tu. Wakili alisema yeye ni shahidi, kisha akasema ni mtumishi wa mahakama, kisha akamtazama dada yake pale kizingitini. Dada yake hakugeuka. Askari aliwafunga shemeji hao wawili pamoja, mkono wa mmoja kwa mkono wa mwenzake, akawaongoza kichochoroni, akawapandisha nyuma ya gari.